Steki ya paka na ubao wa kachumbari

Jumamosi moja jioni, katika nyumba ya kupanga huko Mbagala, Dar es Salaam, paka mdogo aitwaye Chui aliruka kutoka kwenye kochi. Kochi lenyewe si refu. Hata mtoto wa miaka miwili wa nyumba hiyo hushuka mwenyewe bila kushikwa mkono. Lakini Chui alipotua sakafuni alitoa mlio ambao dada wa mtoto huyo, binti wa miaka tisa, hakuwahi kuusikia kwa paka yeyote. Alijaribu kusimama, akaanguka. Mguu wake wa nyuma ulikuwa unaning'inia.

"Nani amemkanyaga?" baba aliuliza.

"Hakuna, baba. Ameruka tu."

Baba hakuamini. Paka anaowajua yeye huanguka kutoka juu ya bati na kuondoka wakijinyoosha. Wa kuvunjika mguu kwa kuruka kochi hajapata kumwona. Akamtazama binti yake, kisha mdogo wake aliyekuwa amekaa na simu mkononi, kisha mkewe aliyesimama mlangoni mwa jikoni na ujauzito wa miezi mitano. Wote walisema lile lile: ameruka tu.

Walikuwa wanasema kweli. Ilibidi wasubiri hadi Jumatatu, kwa daktari wa mifugo, ndipo waelewe kwa nini. Na siku hiyo hiyo mama aligundua jambo lililomnyima usingizi zaidi ya mguu wa paka: nyama iliyomdhoofisha Chui ilikuwa imepita karibu mno na sahani za watoto wake.

Simba hana jiko

Chui aliletwa nyumbani na baba mdogo wa watoto hao, mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni. Alimwokota karibu na hosteli, akiwa na umri wa miezi miwili hivi, mama yake amegongwa na gari. Watoto walimpokea kwa shangwe. Mama alimpokea kwa sharti moja: asimwongezee gharama za nyumba.

"Usijali, shemeji," kijana akamwambia. "Chakula chake ni juu yangu."

Tena hakikuwa chakula cha hivi hivi. Kwa wiki kadhaa kijana alikuwa akitazama video za wafugaji wa Marekani na Ulaya wanaowalisha paka nyama mbichi. Hoja yao ni nyepesi na inavutia: paka ni ndugu wa simba na chui, ameumbwa kuwinda, na meno yake ni ya kurarua. "Simba hana jiko, shemeji. Umewahi kumwona simba anachemsha nyama?"

Mama alicheka, na kwa kweli hakuwa na jibu.

Basi kila baada ya siku mbili kijana alipitia bucha, akanunua robo kilo ya steki isiyo na mafuta wala mfupa. Siku ambazo steki ilikosekana alileta vipande vya mbuzi. Ugali na mchuzi vikapigwa marufuku. Mara nyingi kijana alichelewa kurudi chuoni, kwa hiyo kazi ya kukata nyama vipande vidogo ikabaki kwa mama, na kazi ya kuweka kibakuli karibu na mlango wa jikoni ikawa ya binti. Zilikuwapo jioni ambazo watu wazima walikula ugali kwa dagaa huku paka akila steki. "Katika nyumba hii mwenye cheo ni paka," mama alikuwa akisema.

Na Chui alipendeza. Manyoya yaling'aa, kibakuli kilibaki kitupu, hakuwa na minyoo ya kuonekana. Wiki mbili kabla ya kuvunjika alikuwa ameacha kupanda dirishani. Alikaa amejikunja, na akiinuliwa kwa kiuno alilia. Wote walidhani ni uvivu wa kushiba.

Panya asiye na mifupa

Daktari wa mifugo aliuliza swali moja kabla hata ya kumgusa paka: "Anakula nini?"

"Steki, daktari," mama alijibu, na anakiri kwamba alijibu kwa fahari kidogo.

"Na nini kingine?"

"Hakuna kingine. Steki tu, mbichi. Na maji."

Picha ya eksirei ilipotoka, daktari aliinyanyua kwenye mwanga ili binti naye aone. Mifupa ya paka mwenye afya huonekana myeupe na kuta zake ni nene. Ya Chui ilikuwa hafifu kama kivuli, haikupishana sana na nyama iliyoizunguka. Mguu ulikuwa umevunjika, na kwenye mguu wa pili kulikuwa na ufa mwingine ambao hakuna aliyeujua.

Maelezo yake yalikuwa mafupi. Nyama laini ya ng'ombe ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana. Fosforasi huizidi kalsiamu kiasi cha mara 15 hadi 20. Paka anayekua anahitaji madini hayo mawili yakaribiane. Kalsiamu ikipungua kwenye damu, mwili haukubali, kwa sababu moyo na misuli huihitaji kila dakika. Hivyo mwili huichota pale ilipohifadhiwa, yaani kwenye mifupa. Mtoto wa paka anayelishwa nyama tupu anaweza kufikia hali hiyo ndani ya wiki chache tu.

"Lakini daktari, paka si mla nyama?" mama aliuliza. "Shemeji yangu ameonyesha video."

"Ni mla nyama kweli, mama. Lakini paka wa porini hali steki. Anakula panya, na panya ana mifupa, ana ini, ana moyo, ana utumbo na vilivyomo. Nyinyi mmempa panya asiye na mifupa."

Kosa hilo hufanywa hata na watu wenye nia njema kabisa. Wengine hufanya la upande wa pili: humpa paka maini kila siku kwa sababu ni ya bei nafuu na anayapenda. Maini yana vitamini A nyingi. Kidogo ni kizuri, lakini yakiwa ndiyo chakula kikuu kwa muda mrefu, vitamini hiyo huzidi mwilini na mifupa ya shingo huota vinundu na kugandana, paka akashindwa hata kujilamba mgongoni.

Ukweli ulio ndani ya video

Haitakuwa haki kusema kwamba kijana alidanganywa kwa kila jambo. Paka kweli hawezi kuishi kwa ugali na mchuzi. Mwili wake unahitaji taurini, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama, samaki na moyo wa mnyama, ambacho paka hawezi kujitengenezea vya kutosha. Mwaka 1975 watafiti walionyesha kwamba paka wanaokikosa huharibika retina, sehemu ya nyuma ya jicho, hadi kupofuka. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba upungufu huo huo hulegeza misuli ya moyo, na kwamba paka wengi waliopewa taurini walipata nafuu.

Habari hiyo inasaidia kuelewa simulizi moja ambayo haikosekani kwa watetezi wa nyama mbichi. Daktari wa California, Francis Pottenger, aliwafuga mamia ya paka kati ya mwaka 1932 na 1942. Waliolishwa nyama iliyopikwa walidhoofika, wa nyama mbichi wakastawi. Wengi huishia hapo na kuhitimisha kwamba moto ni adui wa paka. Lakini miaka hiyo hakuna aliyekuwa anajua kwamba paka anahitaji taurini. Taurini huyeyuka kwenye maji, hivyo ukichemsha nyama na kuyamwaga maji yake, sehemu yake unaimwaga pia. Ndiyo maana daktari alimwagiza mama achemshe nyama kwa maji kidogo na ampe Chui na supu yake.

Halafu kuna jambo ambalo moto hufanya na ubichi haufanyi. Kati ya mwaka 2010 na 2012, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilipima vyakula vya mbwa na paka. Kati ya sampuli 196 za vyakula vibichi vilivyogandishwa, 15 zilikuwa na bakteria wa salmonela na 32 zilikuwa na listeria. Hivyo ni vyakula vilivyofungwa kiwandani na kuuzwa vikiwa kwenye barafu. Mwaka 2023 nchini Poland makumi ya paka waligundulika kuwa na homa ya mafua ya ndege, na nyama mbichi ya kuku ikawa miongoni mwa vyanzo vilivyoshukiwa. Desemba 2024, katika jimbo la Oregon, paka aliyekuwa akiishi ndani ya nyumba tu alikufa kwa virusi hivyo baada ya kula chakula kibichi cha nyama ya bata mzinga.

Kugandisha nyama hakutoshi. Barafu huwalaza bakteria, haiwaui, na kwenye friji za majumbani mwetu umeme ukikatika mara mbili kwa wiki huamka mapema.

"Mnakatia wapi?"

Daktari alikuwa ameanza kuandika maelekezo alipolitazama tumbo la mama, akasimamisha kalamu.

"Samahani, mama. Hiyo nyama ya paka mnakatia wapi?"

Mama alinyamaza. Nyumbani kuna ubao mmoja wa kukatia na kisu kimoja kikali. Ndivyo nyumba nyingi zilivyo. Asubuhi au jioni alikata nyama ya Chui juu ya ubao huo, akaupangusa kwa kitambaa cha jikoni, akaendelea na nyanya, vitunguu na matango ya kachumbari. Siku alizokumbuka aliumwagia maji. Kachumbari haipikwi. Kilichobaki juu ya ubao huenda moja kwa moja mdomoni.

Kisha akakumbuka jambo la pili. Wiki tatu kabla, mtoto wake wa miaka miwili aliharisha na kupata homa kwa siku tatu. Siku ya pili macho yalididimia na akawa hana machozi akilia. Walimkimbiza kituo cha afya usiku, akapewa ORS na zinki, wakakesha naye hadi alipokojoa. Siku zile walilaumu maji, wakalaumu maembe, wakamlaumu na jirani aliyempa juisi. Hakuna aliyefikiria kibakuli cha plastiki karibu na mlango wa jikoni, ambacho mtoto huyo alikuwa akikichezea kila alipopata nafasi. Mara moja alikutwa na kipande cha nyama mkononi, wote wakacheka.

Hakuna kipimo kilichofanyika kuonyesha kijidudu kilichomuumiza mtoto, na daktari wa mifugo hakusema kwamba ni nyama ya Chui. Alichosema ni kwamba paka anaweza kula nyama yenye salmonela, asiugue hata kidogo, akaitoa kwenye kinyesi na kuiacha kwenye kibakuli na sakafuni. Watoto walio chini ya miaka mitano, wajawazito na wazee ndio huumia zaidi.

"Sikuwa namsikia tena," mama anasema. "Nilikuwa naona kile kipande kwenye mkono wa mwanangu."

Paka ana kosa gani?

Usiku huo baba alitoa hukumu. "Kesho alfajiri naenda kumwacha sokoni. Huko samaki wapo, atajitafutia."

Binti hakubishana naye. Alichukua mto wake, akaenda kulala sakafuni pembeni ya boksi la Chui. Saa tano usiku mama alimkuta pale, mkono wake umo ndani ya boksi.

Asubuhi mama aliamua kumpigia simu mama mkwe wake, Pangani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Na hilo tumbo?"

Alimweleza yote. Bibi alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Nyama alinunua nani? Na ubao ni wa nani?"

"Ni wetu, mama."

"Basi paka ana kosa gani? Mwambie mwanangu asimtupe kiumbe mwenye mguu mbovu. Atakuja kuulizwa."

Bibi naye alikuwa na swali lake. Paka wa nyumbani kwao Pangani walikula vichwa vya samaki vibichi miaka yote, wakala na panya, wala hakuna aliyewapeleka kwa daktari. Imekuwaje huyu wa mjini avunjike? Mama alirudia alivyoelezwa: kichwa cha samaki kina mifupa na panya ana mifupa. Bibi akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba hata hao wa Pangani si wote waliozeeka. Wengi walipotea, na wenyewe walisema tu kwamba wamehama. Anamkumbuka mmoja aliyekuwa hali kitu ila vichwa vya samaki. Mwishowe alitembea kama mlevi, kidevu kimeinamia kifuani, akafa. Walisema kala sumu.

Inaweza kweli kuwa ilikuwa sumu. Lakini baadhi ya samaki wakiwa wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu thiamini, yaani vitamini B1. Paka anayeishi kwa samaki hao tu huweza kuyumba, kuinamisha kichwa na kupata degedege. Kuwachemsha samaki hukiondoa kimeng'enya hicho.

Jioni baba alirudi kazini na mbao mbili mpya za kukatia. Hakusema lolote kuhusu sokoni.

Swali la kliniki

Lililobaki lilikuwa la mtoto aliye tumboni. Siku ya kliniki ilipofika, mama alimweleza muuguzi habari ya paka, nyama na ubao. Alitegemea kugombezwa. Muuguzi alimwomba akae.

Kimelea kinachowatia hofu wajawazito wenye paka huitwa toksoplazma. Kilitambuliwa mwaka 1908 na Charles Nicolle na Louis Manceaux mjini Tunis, kwa mnyama mdogo wa jamii ya panya. Paka hukipata kwa kula panya, ndege au nyama mbichi yenye kimelea hicho, na kwa kawaida hutoa mayai yake kwenye kinyesi kwa wiki moja hadi tatu baada ya maambukizi ya kwanza. Mayai hayo hayaambukizi yakitoka. Huhitaji siku moja hadi tano nje ya mwili wa paka ili yakomae. Kwa hiyo kumshika paka manyoya si njia kubwa ya kuambukizwa. Njia kubwa ni mchanga na udongo wenye kinyesi cha siku zilizopita, mboga na matunda yasiyooshwa vizuri, na nyama isiyoiva, hasa ya mbuzi, kondoo na nguruwe.

"Kwa hiyo hata bila paka, kisu na ubao wako vingeweza kukuletea," muuguzi alimwambia.

Mwanamke aliyeambukizwa zamani, kabla ya ujauzito, kwa kawaida huwa na kinga inayomlinda mtoto. Hatari ni kwa anayeambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito. Maambukizi ya mapema hupita kwa mtoto mara chache zaidi, lakini yakipita madhara huwa makubwa: mimba kuharibika, kichwa kujaa maji, ubongo au macho kuumia. Ya miezi ya mwisho hupita kwa urahisi zaidi, ingawa dalili nyingi hazionekani siku ya kuzaliwa. Dawa za kupunguza hatari zipo, ndiyo maana kusema mapema kuna faida.

Mama alielekezwa maabara. Majibu yalikuja baada ya siku nne, na hizo siku nne hakula kachumbari wala hakuzungumza sana na shemeji yake. Karatasi ilionyesha kwamba hakuwa na dalili ya maambukizi mapya wala ya zamani. Alipumua. Kisha daktari akamweleza maana ya pili ya majibu hayo: kwa kuwa hajawahi kukutana na kimelea, hana kinga nacho. Alipaswa kurudia kipimo baada ya wiki kadhaa na kuwa mwangalifu hadi siku ya kujifungua.

Nyumba baada ya hapo

Jioni ile kijana alikuja jikoni, akasimama karibu na sinki. "Shemeji, nisamehe. Nilidhani namlisha vizuri."

"Ulimlisha kwa mapenzi," mama alimjibu. "Na mimi nilipangusa kwa kitambaa. Tumeshirikiana."

Yaliyobadilika katika nyumba hiyo si ya gharama kubwa, na mzazi yeyote mwenye paka anaweza kuyafanya leo.

Ubao mmoja na kisu kimoja sasa ni vya nyama tu. Vinaoshwa kwa sabuni na maji ya moto kila baada ya kazi. Ubao wa pili ni wa mboga, matunda na mkate, na kachumbari hukatwa kwanza, kabla nyama haijatolewa kwenye mfuko.

Chakula cha Chui kinachemshwa: nyama au moyo wa ng'ombe pamoja na supu yake, dagaa waliooshwa mchanga na kulowekwa kupunguza chumvi, wakaliwa na miiba yao laini, na kipande kidogo cha ini mara moja kwa wiki. Unga wa maganda ya mayai unaongezwa kwa kipimo alichoandika daktari, si kwa kukisia. Siku mkono ukiwa mzuri, kijana hununua chakula cha paka cha dukani kilichoandikwa kuwa ni kamili kwa paka wanaokua, ambacho daktari alisema ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kutokosea. Chakula cha paka hakipikwi kwa kitunguu maji wala kitunguu saumu, maana vyote viwili huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Kwa hiyo makombo ya pilau na rosti, ambayo nyumba nyingi huona ni hisani kwa paka, hayafai.

Kibakuli kimehamishiwa uani, mahali ambapo mtoto mdogo hafiki. Paka akimaliza, kinaondolewa na kuoshwa kwa sponji yake, si ile ya vyombo vya watu. Mikono inanawiwa kwa sabuni, ya binti kwanza.

Beseni la mchanga ni la baba. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini anaondoa kinyesi, ili kisipate zile siku za kukomaa, na mara kwa mara anasuuza beseni kwa maji yanayochemka. Klorini haiyawezi mayai ya toksoplazma, moto unayaweza. Mama haruhusiwi kuligusa, na akipalilia mchicha wake nyuma ya nyumba huvaa glavu.

Chui alikaa ndani ya boksi kubwa wiki sita, haruhusiwi kuruka wala kukimbia. Picha ya pili ilionyesha mifupa imeanza kuwa myeupe. Mguu umeunga, ingawa anauvuta kidogo akikimbia. Binti anasema hilo halimpunguzii kitu, na kwamba sasa anamtambua kwa kusikia hatua zake tu.

Mama ameingia mwezi wa nane. Kipimo cha pili kilitoka salama kama cha kwanza. Ameanza kula kachumbari tena, mboga zikiwa zimeoshwa kwa maji yanayotiririka na kukatwa kwenye ubao wenye alama ya rangi ya kijani ambayo binti aliichora ubavuni kwa kalamu ili mtu asikosee. Asubuhi, kabla ya saa kumi na mbili na nusu, husikia beseni la mchanga likiburuzwa uani na mumewe akimwambia Chui apishe. Hapo ndipo hugeuka upande wa pili na kulala kidogo.